Amana ya Seva Mbili na Namna ya Kuzitenga

Mkazi wa Migosi, mtaa wa Kisumu ulio jirani na Kondele, akipanda bodaboda kwenda kuchukua dawa katika kituo cha afya kilichokwisha kutia kumbukumbu zake katika kompyuta, hufika dirishani akataja namba yake, na karani akiisha kuiandika namba hiyo huona mbele yake habari zote: tarehe ya mwisho aliyokuja, uzito wake siku ile, dawa alizopewa, majibu ya kipimo cha damu na siku aliyoagizwa kurudi. Mgonjwa haioni mashine iliyozitunza habari hizo, wala hana haja ya kuijua. Lakini afya yake, na mara nyingine uhai wake, umewekwa amana ndani ya mashine hiyo. Makala haya yahusu jambo moja katika utunzaji wa amana hiyo, jambo ambalo mafundi hulitenda usiku milango ya kliniki ikiwa imefungwa, na ambalo likitendwa vibaya halitoi moshi wala kishindo: nalo ni kuzima unakilishaji wa hifadhidata baina ya seva mbili, moja iliyo chanzo na nyingine iliyo pokezi.

Magharibi ya Kenya si mgeni katika habari hizi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, nchi ya Wanandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kutia kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta, wakati ambapo vituo vya mashambani vilitegemea daftari na kadi za karatasi. Na kutokana na maarifa yaliyopatikana pale na mjini Eldoret ulizaliwa, mwaka 2004, mfumo wa OpenMRS, ambao ni huru kwa yeyote kuutumia na kuubadili, na ambao leo watumika katika nchi nyingi za Afrika na nje yake. Juu ya msingi huo ndipo ulipojengwa KenyaEMR, mfumo uliosambazwa katika vituo vya umma, hasa vile vinavyotoa dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Na kaunti za kandokando ya ziwa, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ambazo ugonjwa huo umezielemea kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi, zina sababu kubwa ya kuzitunza kumbukumbu zake. Nyuma ya kioo anachokitazama karani imo hifadhidata ya aina ya MySQL, na humo ndimo kumbukumbu zenyewe zilimowekwa.

Kuiweka amana hiyo mahali pamoja tu ni hatari. Diski huchakaa, na umeme hukatika: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na mitaa ya Kisumu hupotewa na umeme hata siku ambazo sehemu nyingine za nchi zinawaka. Kwa sababu hiyo, wenye busara na uwezo huweka seva ya pili, katika chumba kingine au mji mwingine, inayopokea kila kinachoandikwa katika ya kwanza, ili hii ikianguka ile isimame mahali pake. Au ili wanaotayarisha ripoti za mwezi waisome ile ya pili bila ya kuichelewesha ile inayohudumia wagonjwa.

Ili kuufahamu utaratibu huu, tuseme kuna makarani wawili katika vyumba viwili. Wa kwanza hupokea watu na kuandika katika daftari kuu, na kila aandikapo jambo hulitia pia, kwa mpango wa lililotangulia na lililofuata, katika shajara. Wa pili hana ruhusa ya kumpokea mtu, kazi yake ni kuisoma shajara ile mstari kwa mstari na kuyaandika katika daftari lake mambo yale yale. Ndivyo seva hizi zifanyavyo. Seva chanzo huandika kila badiliko katika shajara yake. Seva pokezi huivuta shajara hiyo kwa njia ya mtandao, huiweka kwake, kisha huitekeleza. Ziko basi hatua mbili, kuvuta na kutekeleza, na kila moja yaweza kuchelewa peke yake. Na asiyezipambanua hatua hizi asiwe mtu wa kutoa amri ya kuzima, kwa kuwa baadhi ya madhara nitakayoyataja yatokana na kuzichanganya.

Ni wajibu kusema mapema kwamba seva pokezi si nakala ya akiba, ingawa watu wengi, na baadhi yao ni wakubwa wa ofisi, huidhania kuwa ndiyo. Karani akikosea akalifuta jina la mgonjwa katika chanzo, pokezi italifuta jina hilo hilo baada ya sekunde moja au mbili, kwa utii ule ule iliolipokelea. Nakala ya akiba ni ile iliyochukuliwa kwa wakati maalumu ikatengwa, isiyobadilika hata chanzo kikibadilika. Na mtu asianze kutenganisha seva zake kabla ya kuwa nayo mkononi.

Kwa nini basi mtu auzime unakilishaji alioujenga kwa taabu? Sababu ni nyingi na nyingi ni za heri. Seva ya zamani imechoka na mpya imenunuliwa, na unakilishaji ulitumiwa kuhamisha habari kidogo kidogo mchana na usiku bila ya kuifunga kliniki; sasa habari zote zimekwisha kufika, na wakati wa kuhama umewadia. Au mfadhili aliyelipia seva ya mbali ameondoka: tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nchi yake kwa nchi za nje isimamishwe kwa siku 90 ili ichunguzwe, na miradi ya afya ya Afrika Mashariki iliyokuwa imeegemea fedha hizo ililazimika kujiuliza, kwa muda mfupi mno, mashine zake ni za nani na habari zilizomo zitakaa wapi. Hata katika fedha jambo hili limetupitia sisi sote: M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa na seva zake Ujerumani kwa miaka mingi, hata Aprili 2015 ikahamishiwa katika mfumo mpya uliowekwa hapa hapa Kenya. Njia za kuhamisha hutofautiana, lakini swali lililo mbele ya kila fundi anayehama ni lile lile: ni dakika gani ambayo mashine ya zamani itakoma kuwa mwenye neno la mwisho, na mpya itashika neno hilo?

Swali hilo likikosa jibu moja, hatari kuu hutokea, nayo ni seva mbili kudhani kila moja kuwa ndiyo yenye haki ya kupokea maandishi. Kampuni ya GitHub ya Marekani, inayotunza programu za mamilioni ya watu, ilipatwa na jambo hili tarehe 21 Oktoba 2018. Mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao kilichoharibika, na mawasiliano baina ya vituo vyake vya pwani ya mashariki yakakatika kwa sekunde 43 tu. Katika muda huo mfupi programu ya usimamizi iliona chanzo kimepotea, ikaipa madaraka seva ya pwani ya magharibi. Lakini ile ya mashariki ilikuwa imekwisha kupokea maandishi ambayo hayakuwahi kuvuka. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na mambo ambayo mwingine hauyajui, na kuyapatanisha kulizorotesha huduma kwa saa 24 na dakika 11. Viongozi wake walichagua kuchelewa kuliko kupoteza habari za watu, nao walichagua vema. Hata hivyo yatupasa kufahamu kwamba utengano wa sekunde 43 usiotayarishwa ulidai siku nzima ya kuponya.

Hatari ya pili ni mkono kuifikia mashine isiyokusudiwa. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni nyingine, GitLab, unakilishaji ulikuwa umelegea kwa wingi wa kazi, na fundi aliyekuwa amechoka alitaka kuifuta seva pokezi ili aianze upya. Madirisha mawili ya amri hufanana mno: weusi ule ule, herufi zile zile, na tofauti ni tarakimu moja tu katika jina la mashine. Amri ya kufuta iliingia katika seva chanzo. Alipotanabahi akaizuia baada ya sekunde chache, na katika takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Njia nyingine za akiba zilipotazamwa zilionekana ama hazikuwa zikifanya kazi ama hazikuwahi kuwekwa, na kampuni iliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, hivyo maandishi ya saa hizo 6 yakapotea. Kampuni hiyo ilistahili sifa kwa kuyatangaza hayo yote bayana, maana ilimpa kila fundi duniani funzo ambalo yeye hakulilipia.

Sasa na tuseme jinsi kazi hii ifanywavyo kwa salama, tukichukua mfano wa kituo kinachohama kutoka seva ya zamani kwenda mpya.

Jambo la kwanza hufanywa mchana, kwenye karatasi. Iandikwe ni seva ipi itakayokuwa na neno la mwisho baada ya kazi, nani ametoa idhini, nani atakayeandika amri na nani atakayeketi kando yake akishuhudia. Na amri zenyewe ziandikwe kwa mpango wake, kila moja ikiwa na jina la mashine itakayopewa, ili usiku pasiwe na haja ya kutunga bali kusoma. Kabla ya kila amri, yule aliyeketi kando aulize ni mashine gani, na mwenzake asome jina lake kwa sauti kutoka kwenye kioo, si kutoka katika kumbukumbu zake. Mchana huo huo ichukuliwe nakala ya akiba, nayo ifunguliwe katika mashine ya tatu ionekane kweli inasomeka, kwa kuwa nakala isiyowahi kufunguliwa ni dhana tu. Hali kadhalika ipelelezwe ni nani wanaoisoma seva pokezi kimyakimya: ripoti ya mwisho wa mwezi, programu ya bohari ya dawa, au kompyuta ya mkuu wa takwimu, ambazo zikiachwa bila ya kuambiwa zitaendelea kusoma habari zilizoganda, na hakuna atakayeona kasoro, maana tarakimu za jana zafanana sana na za leo.

Usiku ukifika, kinachoanza kufungwa ni mlango wa maandishi katika chanzo, wala si unakilishaji. Huu ndio moyo wa kazi yote. Maadamu chanzo chapokea maandishi mapya, pokezi itakuwa nyuma yake daima, walau kwa kitambo kidogo, na kukata wakati huo ni kumwacha mtu mmoja, pengine mama aliyejifungua saa hiyo, upande mmoja wa mto. Katika MySQL ipo hali iitwayo read_only, inayozuia watumiaji wa kawaida kuandika. Lakini wenye madaraka ya juu huipita, na programu nyingi, kwa uzembe wa waliozisimika, huingia kwa madaraka hayo. Kwa hiyo itumiwe super_read_only, isiyompendelea yeyote.

Mlango ukiisha kufungwa hufuata kusubiri, na hapa ndipo wengi huhadaika. Amri ya SHOW REPLICA STATUS huonyesha, miongoni mwa mambo mengi, hesabu ya sekunde ambazo pokezi iko nyuma ya chanzo. Fundi mwenye haraka akiona sifuri hufurahi na kukata. Lakini sifuri hiyo yapima umbali baina ya kilichokwisha kuvutwa na kilichokwisha kutekelezwa. Mtandao ukiwa mzito, pokezi yaweza kuwa imetekeleza yote iliyoyavuta, ikaonyesha sifuri, ilhali maandishi mengine yangali chanzo hayajavutwa. Ithibati ya kweli hupatikana kwa kuzilinganisha alama za mwisho za shajara katika seva zote mbili, mpaka zionekane ni moja, kisha kuhesabu wagonjwa, ziara na dawa zilizotolewa katika kila upande, na kuyachukua majina machache ya leo kuyatazama kwa macho.

Yakiisha kulingana, amri ya kukata hutolewa katika seva pokezi. Katika MySQL ni STOP REPLICA. Lakini amri hiyo husimamisha tu, haifuti. Pokezi hubaki ikikumbuka anwani ya chanzo na nenosiri lake, na mashine hiyo ikizimika na kuwaka tena, kwa desturi yake itauanza unakilishaji wenyewe bila ya kuambiwa. Na katika mtaa ambao umeme waweza kukatika na kurudi wakati wowote, hili si jambo la kudhaniwa tu: seva mpya iliyokwisha kupokea wagonjwa wa asubuhi yaweza kurudi katika utumwa wake wa zamani na kuvuta maandishi ya mashine iliyostaafishwa. Kwa hiyo baada ya kusimamisha na kuhakiki hutolewa RESET REPLICA ALL, inayofuta kumbukumbu ya uhusiano wote. Kisha mashine ijaribiwe kwa kuzimwa na kuwashwa, ili ionekane kwamba kweli imekuwa huru.

Wanaotumia PostgreSQL, hifadhidata nyingine iliyoenea sana, wana masharti mawili zaidi. Katika unakilishaji wake wa kimantiki, ulioletwa katika toleo la 10 mwaka 2017, chanzo humwekea kila mpokeaji nafasi yake, na huahidi kutoifuta shajara mpaka mpokeaji huyo aisome. Fundi akiutenga mtandao kwanza kisha akaiondoa pokezi, nafasi ile hubaki katika chanzo ikimngojea asiyerudi, na shajara hurundikana siku baada ya siku hata diski ikajaa na seva iliyokuwa nzima ikasimama. Basi usajili unaoifunga pokezi na chanzo uondolewe wakati mtandao ungali hai, ili nafasi iondoke pamoja nao. Na ikiwa mtandao umekwisha kukatika, mtu aende katika chanzo akaifute nafasi kwa mkono. Sharti la pili ni la namba za mfululizo: kwa miaka mingi unakilishaji huo ulikuwa ukichukua mistari ya majedwali bila ya kuchukua hesabu inayotoa namba ifuatayo, hata seva mpya ikifunguliwa humpa mgonjwa wa kwanza wa asubuhi namba iliyokwisha kuwa na mwenyewe, na maandishi hukataliwa. Hesabu hizo zisogezwe mbele kabla ya mlango kufunguliwa.

Baada ya hayo ndipo seva mpya ifunguliwe kwa maandishi, na programu zote zielekezwe kwake; akaunti iliyotumiwa kwa unakilishaji ifutwe katika chanzo, kwa kuwa nenosiri lisilo na kazi ni mlango usio na bawabu. Ile ya zamani isifutwe usiku huo, wala wiki hiyo. Iachwe ikisomeka bila ya kuandikika, mpaka mwezi mmoja wa ripoti utoke katika seva mpya na kulingana na hesabu za wauguzi. Na ikiwa hakuna kuhama, ila ni pokezi tu inayoondolewa, chanzo hakina haja ya kufungwa; lakini wasomaji wake waambiwe, usajili wake ufutwe, na diski ya chanzo itazamwe kwa siku kadhaa.

Limebaki la mwisho, ambalo ni la sheria na la utu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kuziweka habari za watu kupita muda unaohitajika kwa kazi ambayo zilichukuliwa kwa ajili yake. Pokezi iliyotengwa haikuacha kuwa na siri za wagonjwa kwa sababu imeacha kupokea mpya. Ndani ya diski yake yangalimo majina, vipimo na magonjwa ambayo wengine hawajawaambia hata jamaa zao wa nyumba moja. Kuitupa boharini, au kuiuza kwa fundi wa vifaa vikuukuu, ni kuivunja amana kwa njia ya kusahau. Muda wa uangalizi ukiisha, diski ifutwe kwa namna isiyorudisha kitu, mbele ya shahidi, na tarehe iandikwe.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu sidhani kwamba ni siri ya mafundi peke yao. Kaunti ndizo zinazotoa idhini na fedha, wakubwa wa hospitali ndio wanaotaka kazi imalizike leo, na wananchi ndio wanaopata hasara ikimalizika vibaya. Fundi wa kituo kidogo aghalabu huambiwa atenganishe seva mbili katika saa ile ile anayotakiwa kutengeneza mashine ya kuchapia na kufundisha makarani wapya, kisha akikosea hulaumiwa yeye peke yake. Apewe usiku mmoja mzima, mwenzake wa kuketi kando yake, mashine ya tatu ya kuijaribia akiba, na karatasi yenye sahihi ya mkubwa wake inayosema seva ipi ndiyo yenye neno la mwisho. Gharama ya mambo hayo manne ni ndogo kuliko gharama ya mgonjwa mmoja wa Migosi anayeambiwa dirishani kwamba jina lake halimo, na kwamba aanze upya kueleza dawa alizokuwa akinywa.